Siku Tatu za Ondiek

Kavata, soma hii halafu ufute. Jioni usiningoje hapo kituo cha basi cha Fedha, sitaki kuonwa na mtu.

Unajua ile programu ya kompyuta ya sacco, kile chama cha akiba na mikopo, tunayoiandaa kabla ya mwaka 2000? Ratiba niliipanga mimi kwa kompyuta, kila toleo na tarehe yake, kila mtu na kazi yake. Pembeni nikajiandikia maneno yangu ya siri. Kwa Ondiek, yule mwenzangu wa kuandika programu, niliandika: "Ongeza siku tatu, huwa anazembea."

Kavata, bosi ameiprinti ratiba yote! Na maneno yangu pia! Ameibandika ukutani, karatasi ndefu kutoka dirishani mpaka mlangoni.

Ondiek akasimama hapo na kikombe chake cha chai akaisoma kwa sauti. "Huwa anazembea." Akarudia. "Huwa anazembea." Hakuna aliyecheka. Hata bosi aliangalia viatu vyake.

Nikasema eti ni mzaha. Mzaha! Mimi kweli!

Akaniuliza polepole, "Mutheu, zile ripoti zako za toleo la pili zilikuwa zimejaa makosa. Ulidhani zilijirekebisha?"

Kumbe siku zote akichelewa, alikuwa anarekebisha kazi yangu kwanza, ndipo aguse yake. Na hakuwahi kumwambia mtu, Kavata. Hata mimi.

Saa hii ameketi mbele yangu, anachapa tu.

Toleo la tatu linatoka Ijumaa. Ripoti zangu zimekwama tena, programu haizitoi, na ni yeye peke yake anayejua kuzikwamua.