Kimfuko Nilichokitoa Mkobani

Shoga, haya kanisimulia binti yangu mwenyewe, saa tisa hii hii, maneno yanatoka kwa shida.

Jana nilimpunguzia mkoba, nilimwonea huruma bega linavyoinama. Nikaacha leso, pini, sindano na uzi. Kile kimfuko chenye filimbi, tochi na pampu yake ya pumu nikakitia kabatini. Sikukifungua hata! Nilidhani ni vipodozi.

Asubuhi kanishukuru. "Mama, leo mkoba mwepesi kweli." Nikamjibu, "Nimetoa takataka tu."

Takataka, shoga!

Umeme ukakatika kazini kwao, lifti ikakwama, yeye ndani peke yake. Giza. Kifua kikambana. Anapapasa mkoba, anapapasa, anakuta sindano na uzi.

Kagonga mlango kwa kiatu mpaka kisigino kikang'oka. Mlinzi ndiye aliyesikia. Wanamtoa, midomo imebadilika rangi, wakamkimbiza zahanati.

Nikamwambia, "Nisamehe mwanangu, sikutaka uchoke." Akasema, "Mama, ulitaka nishone pumzi?" Akacheka, kikohozi kikamkata. Mimi nikaangua kilio.

Ningemuua. Kwa mikono yangu hii, kwa huruma yangu hii, ningemuua.

Kimfuko nimekirudisha mkobani. Pampu nimebaki nayo mkononi, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, nasikiliza kifua. Kinapanda, kinashuka.

Sasa hivi kanishika kidole, kama alipokuwa mdogo. Kalala, shoga.