Mechi za Jumatano

Mdogo wangu wa moyoni,

Sisi wazima kwa neema ya Mungu, goti tu hulalamika nikipiga deki ukumbi wa chuo. Sikukuambia mapema nisikutie presha: binti yako alitaka kuacha masomo. Mechi zote za netiboli zilikuwa Jumamosi, siku mnayosali huko ulikoolewa, naye akawa hana rafiki.

Nikamuuliza kapteni, "Jumatano jioni mna nini?"

"Tunalala, mama."

"Basi punguzeni usingizi, wote wacheze."

Akacheka, lakini akahamisha mechi.

Jana walifungwa vibaya, na kosa la mwisho lilikuwa la binti yako. Wenzake wakamzomea kama wanavyozomeana wao kwa wao, naye akawajibu. Nikamshukuru Mungu palepale, fagio mkononi.

Ni mimi dada yako, nikuombeaye kila alfajiri.