Gauni Nililokuvalisha

Mama Nohea,

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na leo ndiyo nimepata moyo wa kukuandikia. Nikitoka kazini Springfield bado nakata kona kuja kwako, halafu nakumbuka. Nyumba ina wapangaji wengine. Cherehani uliyonifundishia iko kwangu, Temple Hills.

Nimekuja kuomba msamaha.

Unakumbuka majira yale ya baridi uliposhinda gerejini ukiponda magome ya mti, jirani akaja kulalamikia kelele? Ulimpa kiti akae atazame! Binamu yako alikuwa amekutumia magome hayo kutoka kwenu Hawaii, nawe uliyaponda kwa nyundo ya mbao mpaka yakawa kitambaa laini. Uliniambia zamani hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na kitambaa hicho walikifunga kiunoni, kifua wazi, wala hakuna aliyeona aibu. Kisha wakaja wake wa wamisionari na magauni ya kufunika kuanzia shingoni hadi miguuni.

Nilidhani utawalaumu wageni peke yao. Ukacheka. "Rehema mwanangu, malkia wetu wenyewe waliyataka. Na usidhani zamani ilikuwa peponi, wanawake tulikatazwa hata kula ndizi." Halafu sauti ikashuka. "Lakini wanawake wakubwa walitawala, walishika ardhi. Baadaye tukafundishwa kukaa ndani, kufua na kupiga pasi. Ukiolewa, mali yako iko chini ya mume."

Nilimkumbuka bibi yangu wa Masasi, aliyevuliwa shanga misheni akapewa gauni na jina jipya. Sikukwambia. Sijui kwa nini.

Wiki ya mwisho ulinishika mkono. "Nikifa, nizungushie kitambaa changu. Si gauni." Nikakubali.

Siku ya kukuandaa kwa mazishi, mwanao Daniel alileta gauni jeupe la kola ndefu, lile la kanisani. Akasema, "Mvalishe hili tafadhali. Ndivyo watu wanavyomjua." Kitambaa chako kilikuwa kwenye mkoba wangu, Mama, begani pangu. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikajiambia, mimi ni nani? Mgeni tu, mwanafunzi wa kushona. Nikakuvalisha. Nikafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Daniel, nikamwekea kitambaa mezani, nikamwambia ukweli. Alikipapasa kwa vidole. Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Ungeniambia tu, ningekubali."

Heri angenitukana. Neno moja, Mama. Neno moja lingetosha.

Binti yake Malia, mwenye miaka kumi na mitano sasa, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akauliza kitambaa hicho kinatengenezwaje. Baba yake hakujua. Nikamweleza nilichokumbuka, na mengi nimesahau, maana nilidhani utakuwepo siku zote wa kuulizwa. Anataka kujifunza. Jumamosi anaanza kuja kwangu.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi sitamfundisha kushona tu. Nitamwambia wanawake wa kwenu walikuwa nani kabla ya gauni, na walikuwa nani baada yake. Nitamwambia pia siku niliyonyamaza, ili yeye asinyamaze.

Mwanao,
Rehema