Uzito wa Ghorofa ya Juu

Msambweni

Kaka Chande,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta salama huko Samburu, wewe, wifi Mercy na watoto. Sisi hatujambo. Mbuzi wa Mama amezaa pacha.

Baba amenitaka nimchoree ghorofa juu ya nyumba. Anasema ni ya wapangaji. Kuta zetu za matumbawe hazitabeba zege nene, kwa hivyo nimeweka boriti za chuma na zege nyembamba juu yake. Vyuma vifupi vilivyochomelewa kwenye boriti vitaikamata zege isiteleze, na boriti na zege vitabeba mzigo kama kitu kimoja.

Jana nilimweleza kwamba katika hesabu natia pia uzito wa watu watakaoishi humo. Aliivua kofia yake na kuikunja, kisha akauliza, "Na Mercy umemtia?"

Tangu umuoe bila ridhaa ya Baba, sijawahi kumsikia akilitamka jina hilo. Nilimjibu kwamba nimemtia.

Basi usinifanye muongo, Kaka. Samburu si ng'ambo.

Mdogo wako,
Twaiba