Diski Uliyotuchagulia

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima, wifi na watoto hawajambo, na ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua umetulia. Sisi huku wazima wa mwili. Baba anakula, analala, presha yake haijapanda. Mimi nipo na cherehani yangu. Huu ni msimu wa sare za shule, vidole vimeota sugu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Ukishasema "hebu nisikilize mimi", basi tena. Leo utanisikiliza wewe.

Ni habari ya diski. Unakumbuka nilikuambia kompyuta ya nyumbani imejaa pomoni, na imeanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Fundi wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Miwani, aliitegea sikio, akaniambia niizime na nisiiwashe tena mpaka nipate diski nyingine ya kuhamishia vitu vyote kwa mkupuo mmoja. Kila ukiiwasha unaimalizia, alisema. Dukani kwake alikuwa nayo moja, ya terabaiti moja, mara mbili ya ile yetu. Ingetosha na kubaki.

Sasa humo ndani kulikuwa na nini? Filamu zako za chuo, muziki wako, video ya harusi yako iliyopigwa na kamera tatu, vitu ulivyonikataza kufuta hata kimoja. Na kwenye nafasi ndogo iliyobaki, Mama.

Pengine umesahau, maana hukuwepo. Macho ya Baba yalipoingia ukungu, Mama alianza kumsomea gazeti. Siku za zamu yake ya kazi hospitali alijirekodi kabla hajatoka, ili mwenzake asikilize mchana. Na hakusoma tu, aligombana nalo! "We mwandishi nawe, hii nayo ni habari?" Alicheka, akakohoa, akamfukuza paka mezani. Tangu tumzike, Baba akishakula chakula cha mchana anavaa spika za masikioni na kusikiliza habari za miaka ile: mechi zilizokwisha chezwa, mawaziri ambao hawapo tena, mvua iliyokwisha nyesha. Anatikisa kichwa, anamjibu, "Wewe mwanamke nawe!" Nikisikia hivyo nikiwa kwenye cherehani najua siku imekwenda vizuri.

Hayo yote nilikueleza, nikakueleza tena.

Wewe ukasema terabaiti moja ni mzaha. Ukanitumia video za watu wasionijua wala nisiowajua, wanafungua maboksi na kusifia. Leo diski inayozunguka, kesho isiyozunguka. Leo terabaiti nne, wiki ijayo nane, eti tusinunue mara mbili. Kila nikiuliza, bado unalinganisha. Nikataka kununua ile ya Miwani kimyakimya, Baba akakataa katakata. Si unaujua utaratibu wa nyumba hii? Tangu macho yamwishe, neno la mwisho ni lako. Friji haikununuliwa bila simu yako. Hata pazia la bafuni lilisubiri uchague rangi, nawe hujawahi kuliona.

"Kaka yako anajua," alisema Baba. "Tumsubiri."

Miezi ikapita, Kaka. Mzee anakaa na zile spika mapajani kama abiria aliyeachwa kituoni. Mara mbili tatu alinibembeleza niiwashe, dakika tano tu, amsikie. Wewe ungeweza kukataa? Mimi sikuweza.

Hatimaye rafiki yako akaleta kifurushi. Nikakikimbiza kwa Miwani pamoja na kompyuta. Akakifungua, akatoa kitu chembamba kama kipande cha chingamu ya bazoka, akakigeuzageuza, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, hii ni mali hasa. Lakini mashine yenu ya zamani, haina pa kuichomeka."

Hebu niambie, umetafiti miezi yote hiyo ukashindwa kuuliza kompyuta yenyewe ni ipi? Swali moja tu! Ningekupigia picha ukaiona. Wewe ulikuwa unachagua diski ya kompyuta unayoitamani, siyo ya hii ya mezani kwa Baba.

Hapo hapo nikamwambia Miwani atoe ile yake. Sikumwuliza Baba, sikukuuliza wewe. Akaziunganisha zote mbili, hiyo na ile yetu inayogonga, akahangaika nazo kutwa nzima, hata kula hakula. Filamu zako zimepona. Harusi yako ipo, kamera zote tatu, wifi kapendeza. Rekodi za Mama zina majina na tarehe zake, lakini ukizifungua hakuna kitu. Nimezifungua zote, moja baada ya nyingine. Moja tu ndiyo iliyotoa sauti: kikohozi, kisha mkwaruzo, kisha basi. Nikamwuliza Miwani kama siku ile ya kwanza zingeweza kuokolewa. Akajifanya anakunja waya.

Nimelia mpaka nimechoka, sasa nimebaki na hasira, nakuambia wazi. Sikukasirika kwa sababu umekosea, nani hakosei? Nimekasirika kwa sababu haijawahi kukupitia akilini kwamba sisi tunaoishi na kitu tunaweza kukijua kuliko wewe.

Baba hajui. Anaamini mashine bado iko kwa fundi, inafungwa diski yako. Jana alikuwa anamsimulia jirani kwamba mwanawe amemtafutia diski kubwa kuliko zote, na sasa Mama atapata nafasi ya kutosha. Nilikuwa nakata kitambaa. Niliweka mkasi chini nikatoka nje.

Msalimie sana wifi. Wanangu wote wawili waambie shangazi yao anawapenda na hana ugomvi nao. Shangazi mkubwa anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe maneno, maana utayahitaji.

Kwa sababu mimi Baba sitamwambia. Neno la mwisho la nyumba hii ni lako, basi na hili ni lako. Nimemweleza kwamba Jumapili ijayo utapiga simu mwenyewe kumpa habari za diski. Amefurahi mno. Ameniomba siku hiyo nimnyoe ndevu na kumtolea shati lake jeupe.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
Mdogo wako.