Bosi kaja kumzika Jemadari

Swahiba, Jumanne ya leo imeniharibikia.

Jemadari, yule mbwa niliyekuwa nalinda naye ghala, amekufa. Mimi namlia kimyakimya, mara bosi huyo, na tai shingoni.

Kafunga ghala. Kasimama kaburini, eti "tumempoteza mfanyakazi mwenzetu". Mwenzetu, unasikia?

Bosi huyu huyu, nilipoomba ruhusa nikamzike mke wangu, aliniambia, "Mzee, sasa geti nimwachie mbwa?" Nikabaki getini, Jemadari kalala miguuni pangu, hadi watu wakanizikia.

Leo uvumilivu ukanishinda. Kazi najua sina tena. Nimemuuliza mbele ya wote:

"Bosi, marehemu mke wangu angekuwa anabweka, ungekuja kumzika?"