Ya Kwangu Ilisubiri Kubonyezwa

Jumatano, Kikuyu

Hata aibu hana yule mzee, mwalimu mkuu wetu. Mwaka jana niliwajazia walimu wenzangu wote taarifa za utendaji kwenye mfumo wa mtandaoni wa kupandishia madaraja, kwa simu yangu, kwa bando langu. Leo barua zimetoka. Wote wamepanda daraja, mimi nimebaki.

Kumbe taarifa yangu ilikwama kwa mwalimu mkuu, ikisubiri abonyeze tu kuidhinisha. Nimemfuata ofisini.

"Madam, mtandao ulisumbua," kasema, macho kwenye chai yake.

Ukasumbua kwangu tu? Miaka tisa daraja lilelile, halafu...

Jioni kanipigia, mpole kama si yeye. Eti nimjazie na ya kwake ya mwaka huu, mwisho ni leo.

"Mtandao unasumbua, mkuu," nikamjibu, nikazima simu.